Mteremko wa Baba Mkwe

Kule kwa wakwe zangu, juu ya mji mdogo wa Mkuu, magari hulazwa yakitazama chini. Pita asubuhi yoyote ya mwezi wa saba, ukungu umejaa migombani hadi huioni nyumba ya jirani, utayakuta yamepangwa uani, pua zote zimeelekea bondeni. Ni akili ya watu wa mlimani. Baridi ikilishinda gari, unaachia breki, na mteremko unafanya kazi ambayo betri imegoma kuifanya. Mimi nimezaliwa Singida, kwenye tambarare. Mara ya kwanza kupelekwa kule kama mke wa Deo, niliegesha gari letu likitazama mlima. Baba yake alilizunguka mikono imefungwa nyuma, akanitazama, akasema, "Mwanangu, umelilaza miguu juu." Nikamwambia letu ni la otomatiki, haliwaki kwa kusukumwa hata ulilaze vipi. Akafikiri sana. "Basi hilo ni gari la kuombea," akasema, akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Sikujua kama alikuwa anatania, na miaka yote niliyoishi naye, Deo akifanya kazi Moshi, sikuwahi kujua hilo kwa hakika. Sasa amelala kihambani kwake, kati ya migomba, kando ya mke wake, na bado najiuliza.

Hakuwa fundi. Alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi mwenye pikapu moja ya dizeli, kuukuu, ambayo rangi yake ya kijani ilikuwa imebaki milangoni tu. Tena nusu ya mambo aliyoyasema kuhusu injini yalikuwa uongo mtupu, aliouamini kwa moyo wote. Alishikilia kwamba dizeli iliyonunuliwa asubuhi haina nguvu kwa sababu imelala. Aliwahi kubishana na fundi mmoja wa Moshi mpaka fundi akakunja vitambaa vyake akaondoka bila kunywa chai, na ukweli ni kwamba fundi ndiye aliyekuwa sahihi. Lakini habari ya kuwasha gari kwenye baridi aliijua vizuri, na alinifundisha mwenyewe, kwa uvumilivu ambao baba yangu mzazi hakuwa nao.

"Zungusha ufunguo nusu," alinielekeza siku ya kwanza. "Unaona taa hiyo, yenye waya uliojikunja? Hiyo ni hita. Inapasha moto ndani. Isubiri izimike yenyewe."

"Na nisiposubiri?"

"Utamwamsha mtu hajavaa nguo. Atakukatalia."

Taa ikizimika, unakanyaga klachi mpaka mwisho ili stata isibebe mzigo wa bure, halafu unazungusha mara moja, kwa nia. Stata ikizunguka kwa uchovu, shida iko kwenye betri: fungua boneti, tazama kama vichwa vyake vimeota unga mweupe, vimwagie maji ya moto, sugua, paka grisi. Ikizunguka kwa nguvu na gari lisishike, basi ni hita au dizeli. Hayo tu. Alisema baridi haiui gari, inalichelewesha. Nilijivunia sana somo lile, na hadi leo pale dukani kwangu Moshi, ninapouza mapazia, majirani wenye magari ya dizeli hunifuata asubuhi za baridi kama wanavyomfuata daktari.

Jambo la pili ambalo ungeliona kwake, kama ungekaa naye hata kwa mlo mmoja, ni jinsi alivyosikiliza. Hakuwahi kumkatiza mtu. Mimi mdomo wangu hauna breki, nadakia maneno ya watu kabla hawajayatoa, na Deo amenigombeza kwa hilo tangu uchumba. Mzee yeye alikaa kimya mpaka ufike mwisho, na kama umesita, alisubiri, kijiko kikiwa hewani, mtori unapoa. "Enhe," angesema. "Halafu?" Ukimwambia yameishia hapo, hakukuamini mara moja. Alikutazama kidogo kama mwenye duka anayehisi amepunjwa.

Watoto wangu walimfanyia utundu kwa hilo. Walianza sentensi, "Babu, jana shuleni mwalimu alisema...", wakatoka mbio. Basi mzee wa watu atawatafuta migombani, anaita kwa sauti ya chini, "Alisemaje? Mwalimu alisemaje?" Nilicheka mwanzoni. Halafu siku moja nilimwona usoni wakati anawatafuta, nikawachapa wale watoto.

Kuna siku alikuwa anaongea kwa simu na rafiki yake anayekaa juu, karibu na msitu, simu ikakatika. Mtu mwingine angengoja apigiwe. Yeye alivaa mabuti, akachukua fimbo, akapanda kwa miguu katika manyunyu mpaka kwa yule rafiki, ili asikie kipande kilichobaki. Alirudi ameloa chapachapa. Tukamuuliza rafiki alikuwa anataka kusema nini. "Kunisalimia tu," akasema, akakaa kuota moto, akionekana mtu aliyeridhika kabisa.

Kanisani hakukosa. Misa ya kwanza, benchi la tatu upande wa wanaume, rozari mfukoni. Lakini mbege, pombe yetu ya ndizi, ikiiva nyumbani, kabla hajanywa mtu, alichota kidogo akaenda kumwaga penye sale, ule mmea wanaoupanda kwa heshima kwenye makaburi ya wazee. Nilimuuliza, hivi Paroko anajua? Akaniambia Paroko ni mtoto wa kule Kibosho, na kule kwao wanamwaga zaidi.

Sasa nije kwenye ugonjwa wa gari.

Pikapu ile ilikataa kuwaka asubuhi za ukungu. Si za baridi tu. Za ukungu. Jua likitoka, hata baridi iwe ya kung'ata vidole, iliwaka. Ukungu ukishuka, tulikuwa tukisikia uani stata inakoroma mara moja, mara mbili, kisha sauti ya mzee mwenyewe: "Limekataa." Halafu kimya. Ukichungulia dirishani gari halipo. Ameachia hendibreki.

Deo alinunua betri mpya. Gari likakataa. Akaleta fundi akabadilisha hita zote, likakataa. Wakamwaga dizeli ya zamani, wakafunga chujio jipya, wakakaza waya wa stata. Fundi akaliwasha mbele yetu saa hiyo hiyo, akalizima, akaliwasha tena, akasema hili gari ni zima kuliko mimi. Jumapili iliyofuata ukungu ukashuka, na likakataa. Mimi nilikuwa nikiliazima kwenda sokoni, na halikuwahi kunikatalia hata siku moja.

Gari linaloshuka mlima bila injini halina sauti. Hilo hulijui mpaka likupite. Mama Flora, jirani yetu wa chini ambaye huwahi sokoni na ndizi zake alfajiri, ndiye aliyeniambia kwanza. Tulikuwa tumesimama mbele ya kibanda chake, na aliongea akitazama barabarani.

"Mama, mimi naogopa," alisema. "Unasikia tu mawe yanasagika kidogo, basi, lipo mbele yako. Taa hakuna. Mlio hakuna."

"Ni Baba tu, Mama Flora. Gari lake lina matatizo ya baridi."

"Najua ni mzee. Nimemwona." Akasogea karibu. "Lakini yule mzee hatazami barabara. Ameinamisha kichwa huku, upande wa abiria. Kama vile unavyofanya mtu akikunong'oneza. Na anaitikia. Anaitikia hivi, kwa kichwa."

Asubuhi iliyofuata ya ukungu niliwahi kuamka kabla yake, nikasimama jikoni nimezima taa. Akatoka, akapanda, akafunga mlango taratibu. Akazungusha ufunguo. Nilikuwa ninaiona dashibodi kutoka pale nilipo, na niliiona taa ya hita ikiwaka, na yeye, mwalimu wangu, hakuisubiri. Alizungusha moja kwa moja, akaachia. Akazungusha tena, akaachia haraka zaidi. "Limekataa," akasema kwa sauti ya kusikika ndani. Kisha pikapu ikaanza kusogea yenyewe, ikamezwa na weupe ule kabla haijafika getini.

Sikumwambia Deo. Nilisubiri mchana, mzee anamenya ndizi za mtori, nami nikakaa naye na kisu changu.

"Baba," nikasema, "taa ya hita huisubiri."

Aliendelea kumenya. Kisha akanieleza, bila kunitazama, na sitayaremba maneno yake.

Mke wake, mama yake Deo ambaye sikumkuta, aliugua ghafla asubuhi ya ukungu kama ile. Walimlaza kwenye kiti cha pikapu, amefunikwa blanketi. Gari likakataa. Safari hiyo lilikataa kweli, betri ilikuwa imekwisha. Akaachia breki washuke hivyo hivyo kuelekea hospitali, akitegemea kuishikisha injini njiani. Wakiwa katikati ya mteremko, katika kimya kile, mke wake akafungua macho akasema, "Usisahau..." Hapo injini ikashika. Ilinguruma, gari likatikisika, na asisikie tena neno. Alipofika pale pa tambarare kwenye daraja na kusimama amuulize, hakukuwa na wa kuulizwa.

"Usisahau nini?" nikamuuliza. Mdomo wangu, kama nilivyosema.

"Ndiyo hiyo," akasema.

Basi aliishi hivyo. Hakujua ni kitu gani alichoambiwa asikisahau, kwa hiyo hakusahau chochote. Na asubuhi za ukungu alishuka ule mteremko injini imezimwa, kwa sababu huko, alisema, neno lile la kwanza hulisikia bado. Siku nyingine dhaifu, siku nyingine wazi kama mimi na wewe hapa. Linakuja, halafu linakatika. Alikuwa anangojea siku ambayo halitakatika.

"Umemweleza Paroko?"

"Ameniambia niombe. Nikamwambia kuomba ni kusema, Padre. Mimi nataka kusikiliza."

Nilimhurumia mpaka nikajikata kidole. Na niliogopa pia, kwa sababu gari la namna ile bila injini, breki yake inakuwa ngumu kama jiwe, usukani haugeuki, na barabara ile inatumiwa na watu. Lakini niliufunga mdomo wangu, kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Nilidhani ni siri yake na mkewe, na mtu mzima anajua afanyalo.

Kilichovunja kimya changu ni Mama Flora. Hakugongwa, Mungu mkubwa. Pikapu ilimpitia ubavuni kwenye ukungu, akajitupa mtaroni na ndizi zake zote, akateguka mkono. Mzee alikuwa hajamwona kabisa. Na alipopiga yowe, mzee hakusikia. Hapo ndipo tulipogundua masikio yake yanakwisha. Alikuwa amelificha hilo kwa muda mrefu, anaitikia "enhe" pale penye nafasi tu.

Deo alipanda siku hiyo hiyo kutoka Moshi. Walikaa sebuleni, baba na mwana, mimi nikiwa mlangoni.

"Baba, gari linauzwa," Deo alisema, kwa sauti kubwa. "Kesho mke wangu anashuka nalo Moshi."

"Sawa," mzee akasema.

"Sikugombezi. Ila ungeua mtu."

"Nimesema sawa, mwanangu."

Deo alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na kwa kuukosa akatoka nje kulia. Mzee akaniita kwa kidole. Nikamwinamia sikioni.

"Kesho kutakuwa na ukungu," akasema. "Mimi sisikii tena. Tangu mwaka jana sisikii hata lile neno la kwanza. Nashuka tu. Nisikilizie wewe."

"Mwambie Deo, Baba. Huyo ni mama yake. Na ni lugha yake, mimi Kichagga chenu hata salamu kinanishinda."

"Deo atanisikilizia anachotaka nisikie. Wewe hujui lugha, hutaweza kutunga. Utaniletea kama ilivyo."

Nilimjibu kwamba siwezi kukubali mpaka Deo akae kule chini, barabarani, azuie watu. Tulikubaliana hivyo. Deo hakuelewa, lakini alikwenda, na tochi, na kulipokucha nilimsikia kule mbali anapiga mluzi kwamba njia ni nyeupe.

Ukungu ulikuwa mzito hadi matone yanaanguka kutoka migombani kama mvua. Mzee alishika usukani. Nilipotaka kukaa katikati ya kile kiti kirefu, akaniambia, "Sogea mlangoni." Nikasogea. Katikati yetu pakabaki nafasi ya mtu mmoja. Akafungua kioo kidogo, akaachia hendibreki.

Mwanzoni nilisikia mawe tu. Kisha matone juu ya bati la gari. Kisha hata hayo yakapungua, sijui kwa nini, tukawa kama tunaelea. Sikuona barabara. Niliona mikono yake kwenye usukani, mishipa imesimama, na nilikuwa nimekaza miguu mpaka magoti yanauma. Nilijiambia nitasikia sauti ya mwanamke mgonjwa, na nilijiandaa kwa hiyo. Nilikuwa nimeamua hata nisiposikia kitu nitamwambia nimesikia, nitasema amesema asisahau kumwombea, au jambo lolote jema. Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshaipanga.

Ilikuja tulipopita kona. Haikutoka nje wala nyuma. Ilikuwa pale katikati, karibu sana, na ilikuwa sauti ya mwanamume. Nikadhani ni Baba anaongea. Nikamgeukia. Midomo yake ilikuwa imefungwa, na ananitazama mimi, macho yake yote yakiniuliza. Na ile sauti ikaendelea, sauti yake hasa, ila yenye umri wa Deo, ya mtu mwenye haraka na mwenye upendo na mwenye hofu. Maneno machache. Kisha yakarudiwa, kwa upole zaidi, kama mtu anayembembeleza mtoto. Kisha mawe.

Tulisimama kwenye daraja kwa hendibreki.

"Lete," akasema.

Nikamwinamia sikioni, nikayarudia maneno kama nilivyoyapokea, silabi kwa silabi, bila kujua hata moja lina maana gani. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Niliona yakimfika. Uso wake haukulia wala haukukunjamana. Uliachia tu, mahali pote ulipokuwa umeshikilia.

"Ilikuwa sauti ya mama?" akauliza.

"Hapana, Baba."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa anajua. Mto ulikuwa unapita chini yetu. Nikamuuliza maneno yale yana maana gani.

"Anamwambia anyamaze," akasema. "Nyamaza, usijichoshe. Utaniambia tukifika."

Akafungua mlango, akashuka, akasimama pale kwenye ukungu ameshikilia kitasa. Kutoka upande wa pili wa daraja Deo alikuwa anakuja na tochi yake, anatuita kama tuko salama. Nami, ambaye siwezi kuacha jambo, nikainama juu ya kile kiti kitupu nikamuuliza, kwa sauti ya kutosha asikie.

"Na injini, Baba?"

"Injini ilikuwa bado haijashika," akasema, akaufunga mlango taratibu.